Salamu za Mwaka Mpya kutoka Ise

Kwa ndugu, jamaa na marafiki, Tanga na kwingineko,

Nawasalimu kwa heshima na taadhima, nikiwatakia heri na baraka za mwaka 2026. Tumshukuru Mungu aliyetuvusha, ingawa hatukuvuka sote: masika yalituchukulia baba, nami sikuwahi maziko.

Juma lililopita, huku Japani, nilipanda treni kutoka Nagoya hadi Ise, kwenye mahekalu makuu ya Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani. Sikwenda kuabudu, nilikwenda kutuliza moyo. Nilianzia Geku, yaani hekalu la nje, kama ilivyo ada, ambako miungu huandaliwa mlo asubuhi na jioni, wali ukiwamo. Hapo nikakumbuka kwamba mwaka 2025 mfuko wa kilo 5 za mchele ulipita yeni 4,000 madukani, hata wenyeji wakanung'unika. Najua na huko kikapu cha sokoni hakijai.

Kilichonishika zaidi ni nguzo. Majumba ya Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwa mbao mpya za hinoki, mti wa Kijapani, katika kiwanja kilicho ubavuni mwa kile cha zamani. Desturi hiyo ilianza mwaka 690. Vita viliikatiza kwa zaidi ya karne moja, wakaifufua. Mara ya 62 ilikuwa 2013, na ijayo ni 2033. Nguzo kuu za zamani hazitupwi, bali huchongwa upya zikawa malango katika ncha mbili za daraja la Uji, la kuingilia hekalu la ndani, na miaka 20 mingine ikiisha hupelekwa kusimama kwingine. Chini ya lango lile nilimwona baba akinusa ubao kabla ya kuupiga randa, akiniita nije nishike upande wa pili, na mimi macho yangu yako kwenye mpira uwanjani.

Miaka 20 yamtosha kijana aliyeshika msumeno chini ya bwana wake kuwa fundi, kisha awafundishe wengine. Basi jamani, wenye ujuzi msiufiche, na vijana msiudharau. Anayejua kusuka ukili amketishe binti yake karibu. Anayejua kuunda jahazi amwite mwanawe pwani, tena leo, wala tusingoje matanga ndipo tuulizane marehemu alijua nini.

Mwenyezi Mungu awape afya, riziki na amani, na awarehemu waliotutangulia.

Kaka, lile randa la baba usiliuze. Nakuja Julai, nalihitaji.