Fedha za kuzuia mwanafunzi asiache shule zitengwe kabla ya siku 90

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa wanafunzi wanaokatiza masomo ya sekondari, mjadala ambao huibuka kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa na watu wakabaini kuwa waliofanya mtihani ni wachache kuliko walioandikishwa kidato cha kwanza miaka minne nyuma. Mimi ni mzazi na mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari ya kata mkoani Tabora, na hoja yangu ni moja. Serikali na wahisani wanatoa fedha za kumwingiza mtoto shuleni, na sasa wanatoa pia fedha za kumrudisha yule aliyekwisha kutoka. Lakini zile wiki ambazo mtoto yumo katika kutoka, ambazo ndizo pekee ambapo kiasi kidogo cha fedha kingetosha kumzuia, hazina fungu katika bajeti ya shule wala ya halmashauri.

Sisemi haya kwa kubeza yaliyofanyika. Ada ya shule za sekondari za Serikali, Sh20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh70,000 kwa wa bweni, iliondolewa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na bajeti ya 2022/23 ikaiondoa kwa kidato cha tano na cha sita. Mwaka 2021, sehemu ya mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, uliotolewa ili kukabiliana na athari za UVIKO-19, ilijenga madarasa 12,000 ya sekondari kwa muda wa miezi michache, jambo ambalo sisi tuliozoea kuona maboma yakiota nyasi hatukulitarajia. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ulioidhinishiwa mkopo wa Dola milioni 500 za Marekani na Benki ya Dunia Machi 2020, umejenga shule mpya katika kata ambazo hazikuwa nayo hata moja. Na Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi, jambo lililowekewa Waraka namba 2 wa mwaka huo.

Pamoja na hayo yote, takwimu za elimu zinazotolewa kila mwaka na TAMISEMI zinaonyesha kuwa sababu inayoongoza kwa mbali katika mdondoko wa wanafunzi wa sekondari ni utoro, ukiziacha nyuma sana mimba, magonjwa na vifo. Kwa utaratibu uliozoeleka, mwanafunzi asiyeonekana shuleni kwa siku 90 mfululizo bila taarifa huhesabiwa kuwa ameacha masomo. Ninachotaka wasomaji wakitafakari ni kile kinachofanyika, au tuseme kisichofanyika, kati ya siku ya tatu na hiyo ya tisini.

Bodi yetu inapokutana huwa naomba madaftari ya mahudhurio, na walimu wa darasa hunivumilia. Ukiyasoma taratibu utaona kuwa ni nadra mtoto kuacha shule kwa siku moja. Kwanza hukosekana Jumatatu, kwa sababu Ijumaa alikwenda kijijini kuchukua chakula na hadi Jumapili jioni kilikuwa hakijapatikana. Baadaye hukosekana Jumatatu na Jumanne. Halafu inakuja wiki nzima ya mwezi Machi, kisha anarudi siku mbili, anakuta wenzake wamefanya majaribio na yeye ameachwa mada tatu, na baada ya hapo mstari wake kwenye daftari unajaa alama za kutokuwepo hadi ukurasa unaisha. Mwalimu huandika barua ya wito, akampa mwanafunzi anayetoka kijiji hicho aipeleke. Barua inafika au haifiki. Namba ya simu ya mzazi iliyojazwa kwenye fomu ya kujiunga ama haipatikani, ama ni ya mjomba ambaye siku hizi yuko Kahama.

Machi nimeitaja kwa makusudi. Huku kwetu ndio msimu wa kuchuma tumbaku na kuikausha kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia kwa moto, kazi isiyongoja, kwani jani lililoiva likipitiliza limepoteza daraja, na moto wa bani unalindwa usiku na mchana. Familia iliyochukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika inahitaji kila mkono uliopo. Mzazi huyo si adui wa elimu. Ndiye aliyehangaika Januari akitafuta sare, madaftari na godoro. Ila kati ya Februari na Aprili anapiga hesabu ya deni, na hesabu hiyo inamtoa mtoto darasani. Wilaya za pamba, za mpunga na za uvuvi zina miezi yao, nayo inajulikana na kila mtu isipokuwa kalenda ya kutoa fedha.

Jambo la pili ni mageto. Wanafunzi wanaotoka vijiji vya mbali hupanga vyumba karibu na shule, mabinti wawili au watatu katika chumba kimoja cha tofali za udongo, mfuko wa unga ukiwa umening'inizwa kwenye boriti panya wasiufikie, na mafiga yako nje ukutani. Hakuna mtu mzima anayeishi nao. Unga ukiisha Jumatano, Alhamisi kiti kiko wazi. Kodi ya chumba ikichelewa, mwenye nyumba anakuja kudai kwa mtoto wa miaka kumi na mitano, na anayejitokeza kumlipia mara nyingi si ndugu yake. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na sina ugomvi na adhabu hiyo. Lakini tumeweka kifungo cha miaka 30 upande mmoja, na upande wa pili hatukuweka hata kodi ya miezi miwili ambayo ingemwezesha binti yule kumfungia mlango mtu huyo.

Atatokea mtu aseme kwamba shule inapata ruzuku ya uendeshaji na mkuu wa shule angeweza kuitumia. Tuipigie hesabu. Ruzuku hiyo ilipangwa kuwa Sh25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na sehemu yake hubaki ngazi za juu kwa ajili ya vitabu badala ya kufika shuleni. Hata tukiichukua nzima na kuigawa kwa siku 194 za masomo, tunapata takriban Sh129 kwa siku, kiasi ambacho hakifikii nauli ya mwanafunzi kwenye daladala, ambayo ni Sh200 kwa safari moja. Humo humo mnatakiwa kutoka chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, umeme na safari za mkuu wa shule kwenda makao makuu ya wilaya kila anapoitwa kikao. Sijawahi kuona mkuu wa shule anayebakiwa na fedha ya kumfuata mtoto kijijini.

Wengine watataja TASAF, na ni kweli kwamba Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini umewasaidia wengi, nami nawafahamu watoto waliomaliza kidato cha nne kwa sababu ya ruzuku hiyo. Hata hivyo una kasoro mbili kwa suala hili. Ya kwanza ni kwamba unafikia kaya zilizotambuliwa kuwa maskini sana, ilhali mkulima wa tumbaku mwenye bani mbili na deni hayumo, na mtoto wake anatoka shuleni vilevile. Ya pili ni namna sharti la mahudhurio lilivyowekwa: mtoto anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na asipotimiza, kaya hukatwa sehemu ya ruzuku. Naelewa mantiki yake. Ila fomu ya mahudhurio ambayo ingekuwa taarifa ya mapema kuliko zote kwamba mtoto fulani ameanza kupotea inatumika kukata fedha, na kaya inapunguziwa uwezo wakati uleule ambao mtoto ameshindwa kwenda shule kwa kukosa.

Afisa elimu wa kata je? Serikali iliwapa maofisa hawa pikipiki, na posho ya madaraka ya Sh250,000 kwa mwezi wanalipwa. Nafahamu wanaojituma. Lakini pikipiki inahitaji mafuta, kata yenye vijiji vitano na misitu katikati haizungukwi kwa posho ya mtu, na afisa huyohuyo ndiye anayesimamia shule za msingi zote, mitihani yote na takwimu zote. Kinachobaki kwa watoro ni mtendaji na mgambo, yaani msako. Mzazi anakamatwa, analipishwa faini, mtoto anarudishwa darasani wiki moja, kisha hesabu iliyomtoa mwanzo inamtoa tena, safari hii familia ikiwa imepungukiwa na fedha ya faini.

Shirika la CAMFED, ambalo kwa miaka mingi linawasomesha wasichana wa vijijini hapa nchini, limeonyesha njia nyingine, na sioni sababu ya kuiachia shirika peke yake. Wasichana waliokwisha kusaidiwa na kumaliza sekondari hurudi kama walezi katika shule za maeneo yao, huzungumza na wanafunzi, na mmoja akipotea wanakwenda nyumbani kwao kuuliza kulikoni. Pamoja na huyo anayebisha hodi huwapo msaada wa vitu, kama sare, viatu, taulo za kike na mahitaji ya bweni. Vyote viwili vinatakiwa, kwa sababu anayebisha hodi akiwa mikono mitupu atapokewa kwa heshima na kuagwa kwa heshima.

Ninachopendekeza kwa hiyo ni kila shule ya sekondari ya kata iwe na fungu dogo la ufuatiliaji wa utoro, lenye kifungu chake katika bajeti ya halmashauri, lisiloruhusiwa kuhamishiwa kwenye matumizi mengine. Litumike kwa mafuta na muda wa maongezi ili mwanafunzi aliyekosekana siku tatu mfululizo atafutwe ndani ya wiki hiyo, na kwa msaada wa dharura usiozidi kiwango kitakachowekwa: kodi ya chumba, debe la unga, viatu, mchango wa chakula cha mchana. Uamuzi ufanywe na mwalimu wa malezi na unasihi, mwenyekiti wa kijiji na mzazi mmoja wa bodi, palepale, bila kungoja saini ya wilayani, na kila mwezi hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pasipo majina ya watoto. Wilaya za tumbaku zipate sehemu kubwa ya fedha hizo Januari, si Mei. Najua hofu ya kwanza itakuwa wizi. Fedha kidogo zinazoonekana na wanakijiji wote ni vigumu zaidi kuibwa kuliko mamilioni ya ukarabati yanayoletwa na mkataba ambao hakuna mjumbe wa bodi aliyeusoma.

Chanzo kipo. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa tumbaku, na ni haki ushuru huo urudi kwa watoto ambao zao hilo linawatoa darasani. Wala hili la kutenga si geni: sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na madiwani wameizoea. Sehemu ya asilimia moja ya mapato hayo ingetosha kuanzia.

Nina sababu ya kuharakisha. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 madarasa mawili, la sita na la saba, yatamaliza kwa pamoja. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea mikupuo miwili kwa wakati mmoja. Fedha zote zitaelekezwa kwenye matofali, mabati na madawati, na ni lazima iwe hivyo, lakini madarasa yenye msongamano ndiyo ambamo mtoto hupotea bila mwalimu kugutuka. Sera mpya imetamka elimu ya lazima ya miaka kumi. Kama fungu la kufuatilia halitakuwa limeanza kufanya kazi kabla ya wakati huo, sitegemei mtu alikumbuke katikati ya vurugu za kutafuta viti.

Mabaraza ya madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, na kabla ya hapo kamati za maendeleo za kata hukaa kupanga vipaumbele. Nawaomba wazazi wenzangu na wajumbe wa bodi waende kwenye vikao hivyo na madaftari ya mahudhurio mkononi, waulize kifungu cha ufuatiliaji wa utoro kina namba gani na kiasi gani, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Mjumbe wa bodi ya shule,
Mkoa wa Tabora