Barua kwa Hamisi: vigololi mbele, dawa ya pancha nyuma

Buguruni, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi, na shemeji na watoto wasalimie. Ujumbe wako nimeupata. Unasema umeshanunua vipakiti viwili vya hizo ulizoziita shanga na chupa moja ya dawa ya pancha, na Jumamosi fundi akumiminie vyote kwenye matairi yote mawili ya pikipiki yako ya Pulsar, mtikisiko uishe na pancha pia. Mzuie. Viwili hivyo ndani ya tairi moja vinauana.

Kwanza jina. Shanga ina tundu, hizi hazina. Ni vigololi vya kauri, vidogo kuliko punje ya mtama, na kazi yao yote inategemea kuwa huru kutembea. Gurudumu likishika kasi, vinarushwa nje na kulala kwenye ngozi ya ndani ya tairi. Kama gurudumu lina upande mzito, ule mtikisiko wake wenyewe unavisogeza kidogo kidogo kuelekea upande mwepesi, mpaka pande zilingane. Dawa ya pancha ni majimaji mazito yenye nyuzinyuzi fupi ndani yake, na yenyewe inafanya kazi kwa kunata. Vigololi vikiingia humo vinageuka kashata ya karanga (ile ya kula, si kashata za tairi, yale mabonge ya mpira yanayokanyaga barabara). Bonge la gramu 28 likiganda sehemu moja litakutikisa kuliko kasoro uliyotaka kuiondoa.

Kwa hiyo yagawie: tairi la mbele vigololi, la nyuma dawa. Nina sababu. Mtikisiko wa gurudumu la mbele unakuja moja kwa moja mikononi, ndiyo maana unaulalamikia ukipita Bunju kwenda Bagamoyo. Pancha nazo nyingi huwa za nyuma, kwa sababu tairi la mbele linausimamisha msumari uliokuwa umelala, la nyuma linaukuta umesimama. Halafu la nyuma ndilo linalobeba uzito zaidi.

Usishangae kwamba kwenye foleni husikii kitu. Chukua gramu 10 zilizozidi upande mmoja wa ringi ya inchi 17. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa zinavuta kama uzito wa gramu 300 hivi. Ukifika 100, gramu zilezile zinavuta karibu kilo 2, mara 14 au 15 kila sekunde, maana mwendo ukizidi mara mbili nguvu hiyo inazidi mara nne. Kwenye mwendo mdogo vigololi vinajiviringisha tu chini ya tairi bila faida, na wala hutavihitaji.

Lakini kabla ya kufungua kipakiti, hakikisha ugonjwa ni huo. Mashimo yetu yanapinda ringi, na ringi iliyopinda haiponi kwa vigololi, hata umimine kilo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mwambie mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liwe hewani. Funga kipande cha waya kwenye shoki, ncha yake ikaribie ukingo wa ringi bila kuugusa, kisha zungusha polepole. Pengo likipanuka na kufinyika zaidi ya milimita 2, kwa pembeni au kwa juu na chini, ringi ndiyo mgonjwa. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: likigonga, tazama beringi za gurudumu. Shika miguu ya shoki uivute mbele na nyuma: ikigonga, ni beringi za shingo. Halafu angalia ule mstari mwembamba wa mpira unaozunguka tairi jirani na ringi. Lazima uwe umbali uleule pande zote. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa vizuri. Toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena, na usipite presha iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Nakwambia kweli, nusu ya mitikisiko inaishia hapa na vipakiti vinabaki dukani.

Kama vyote hivyo ni vizima, endelea. Tairi la mbele lenye saizi uliyoniandikia, 80/100-17, linatosha kipakiti kimoja cha aunsi moja, yaani gramu 28. Usizidishe.

Adui wa vigololi hapa Dar ni unyevu, na kosa kubwa linafanyika hapo. Fundi anapaka maji ya sabuni ili tairi liingie, anamimina vigololi palepale, anafunga. Sabuni ikikauka inakuwa gundi. Mwambie apake sabuni kidogo kwenye ukingo tu, ndani apanguse kwa kitambaa kikavu, na kama kuna kiraka kipya gundi yake ikauke kabisa. La pili ni kompresa. Kwa joto na unyevunyevu wetu wa pwani, mtungi wa kompresa unakusanya maji chini. Mwombe afungue koki ya chini ya mtungi maji yatoke, kisha apulize upepo kwenye karatasi mbele yako. Karatasi ikilowa, tafuta kompresa nyingine au tumia pampu ya mguu. Anaweza kukuona msumbufu. Mvumilie.

Kwenye tairi tafuta nukta ya njano. Hapo ndipo tairi lilipo jepesi, na inapaswa kukaa jirani kabisa na valvu, maana valvu inaongeza uzito kwenye ringi. Mafundi wengi hawaitazami. Itazame wewe. Ukingo mmoja wa tairi ukishaingia, wa pili uachwe wazi kiasi cha kiganja, gurudumu lisimamishwe uwazi ukiwa juu, vigololi vimiminwe vishuke chini, ndipo ukingo umaliziwe taratibu. Njia ya valvu inawezekana pia: toa kisindano cha ndani (kile kinachozuia upepo usitoke), vika kampira kembamba, mimina kidogo kidogo huku ukigongagonga. Ukiharakisha vinaziba njia, mnakesha hapo.

Angalia kama kwenye kipakiti kuna kisindano cha valvu chenye kichujio. Kikiwemo, fungia hicho. Kisipokuwemo, kigololi kinaweza kukwama kwenye valvu wakati wa kupima presha na upepo ukavuja usiku kucha. Dawa yake ni hii: simamisha gurudumu valvu ikiwa juu, ngoja vigololi vitulie chini, jaza upepo kidogo kwanza ili usafishe njia, ndipo upime.

Baada ya wiki moja nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono, tega sikio. Sauti inayotakiwa ni kama mchele unaopetwa kwenye ungo. Ukisikia kitu kinadondoka "tubu, tubu", au usisikie chochote, vimeshikana. Fungua, vitoe, vioshe, vikaushe juani, vinarudi kazini.

Na tafadhali, asikushawishi mtu kutumia mbadala. Gololi za chuma za beringi mbovu zinashika kutu. Mchanga unasugua ngozi ya ndani. Shanga za kweli, za kioo, zinasagika zikawa unga, achia mbali maswali utakayoulizwa nyumbani zikipungua.

Tairi la nyuma sasa. Hili libalansiwe, yaani lilinganishwe uzito, kwa risasi za kubandika (vipande vidogo vya madini ya risasi) kabla ya dawa kuingia: gurudumu linaning'inizwa kwa ekseli yake kwenye vibao viwili vilivyo sawa, mnyororo na breki visiliguse, linaachwa lizunguke lenyewe. Upande mzito utashuka chini. Bandika gramu 5 juu, jaribu tena, mpaka lisimame popote unapoliachia. Ringi isafishwe mafuta ya mnyororo kwanza, la sivyo risasi utaziacha njiani.

Kisha dawa. Kwa 100/90-17 kiasi huwa kati ya mililita 180 na 240, lakini fuata jedwali la chupa yako. Tikisa chupa sana, maana nyuzinyuzi zinazama, na bila hizo unamimina maji ya rangi. Valvu ikae pembeni kidogo chini ya nusu, pale mshale wa saa unapoonyesha namba 4 au 8. Toa upepo wote, toa kisindano, ingiza dawa, puliza upepo ili valvu isafike, rudisha kisindano, jaza. Halafu panda uendeshe palepale, kilomita 5 hadi 10, dawa isambae. Ukiiegesha mpaka kesho itabaki dimbwi chini.

Hilo dimbwi utakutana nalo hata baadaye kama dawa ni nyepesi. Asubuhi kilomita ya kwanza pikipiki inayumba kidogo nyuma, kisha inatulia. Hiyo si hitilafu. Chupa inayodai kwamba inaziba na kubalansi pia inaweza kuwa kweli kama ni ya ute mzito unaobaki ulipobandikwa. Ile ya majimaji haibalansi kitu.

Dawa inaziba tundu kwenye kashata tu, na chupa nyingi zinaishia tundu la milimita 6. Ubavu ukichanika haina msaada. Wala haikuruhusu kusahau: tairi linaweza kubeba msumari wiki tatu na wewe hujui, huku msumari unakata nyuzi za tairi. Kila Jumamosi zungusha gurudumu ukague kashata moja moja. Ukikuta msumari, uchomoe, zungusha tundu lielekee chini dawa ilifikie, ongeza upepo, kisha upange siku ya kuweka kiraka cha ndani. Na dawa inakauka. Kwa joto letu ifungue uitazame baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Ikiwa imekuwa madonge, ikwanguliwe.

Fundi pancha umwambie kabla hajagusa valvu kwamba ndani kuna dawa, asije akarushiwa usoni. Wana haki ya kuichukia: kiraka hakishiki mpaka paoshwe, pakaushwe na pasuguliwe upya. La mbele nalo liandike kwa rangi kwenye ringi, NDANI KUNA VIGOLOLI, kwa sababu fundi asiyejua ataona takataka, atapindua tairi na kuzikung'utia kwenye vumbi.

Ile bodaboda uliyoitoa kwa mkataba iache. Ina tyubu, mwendo wake ni wa Mbagala na Tandika, vigololi havina kazi humo. Dawa ya tyubu ni nyingine kabisa na inaziba tundu dogo, kama milimita 3. Msumari ukibaki ndani unaendelea kuichana tyubu, na upepo unatokea kwenye matundu ya spoku ukiwa bado unatafuta pa kusimama. Mnunulie kijana tyubu nene, mkanda wa ringi mpya, na kipimo cha upepo chake mwenyewe. Abiria wawili juu ya tairi lenye upepo nusu ndio wanaomletea pancha.

Presha ya Pulsar isome kwenye kibandiko chake, na upime asubuhi kabla tairi halijapata moto.

Kipakiti cha pili usikifungue. Kiweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko, mbali na jikoni, kitafaa ukibadilisha tairi la mbele.

Wako,
Seleman