Rupia ya Mombasa hainunuliwi kwa picha peke yake

Ndugu Mhariri,

Vijana wa Lamu na Malindi wameingia kwenye minada ya mtandaoni kutafuta sarafu za kale, na wengi huanza na zile zilizozunguka pwani hii: reale ya Maria Theresa, rupia ya Mombasa, pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, heller ya Mjerumani. Hilo ni jambo jema. Kinachosikitisha ni kuona mtu anapandisha dau kabla hajajua sarafu anayoitaka inatakiwa iwe na gramu ngapi. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyamaliza kabla ya kubonyeza kitufe.

Kwanza ni mzani. Ule wa kidijitali unaosoma hadi gramu 0.01, kama wa masonara, si ghali, na bila huo usinunue chochote cha fedha wala dhahabu. Reale ya Maria Theresa ina gramu 28.07, kipenyo cha takriban milimita 40, na madini yake ni fedha sehemu 833 kwa 1,000. Mwaka ulioandikwa ni 1780 daima, kwa sababu malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huo na sarafu ikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile, kwanza Günzburg, Vienna na viwanda vingine vya Austria, kisha karne iliyopita Rome, London, Bombay na kwingineko. Kwa hiyo muuzaji anayeandika "halisi ya 1780, adimu sana" ama hajui anachouza ama anajua kwamba wewe hujui. Reale ya kawaida ina gramu 23.4 hivi za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, na usipande mbali na hapo mpaka mtu akuonyeshe ni toleo gani na kwa nini lina thamani zaidi.

Omba picha ya ukingo. Wauzaji wengi hupiga kichwa na mgongo tu, na mghushi hulipenda sana jambo hilo. Ukingo wa reale una herufi zilizoinuka, maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA pamoja na mapambo. Ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na mstari wa maungio unaozunguka ukingo, au alama za tupa pale mstari ulipofutwa, na uwanja wa sarafu, yaani sehemu tambarare isiyo na picha, huwa na vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano.

Mghushi mjanja huufikisha uzani kwa kuongeza unene. Hapo maji humuumbua. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, urudishe usome sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Reale ya kweli itasoma karibu gramu 2.75. Ya shaba na nikeli iliyopakwa fedha itasoma 3.1 au zaidi. Vipovu vya hewa vikishika kwenye sarafu jibu litaharibika, kwa hiyo itikise kidogo usome tena.

Rupia ya Mombasa ya kampuni ya Mackinnon, yaani Imperial British East Africa, ina mwaka 1888, herufi H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, gramu 11.66 na fedha sehemu 917 kwa 1,000. Kwa maji itasoma 1.13 hivi, na hapa ndipo mzani wa gramu nzima nzima usipofaa kitu. Sarafu ndogo ya shaba ya kampuni hiyohiyo, yenye 1888 na 1306 ya Hijria, huchanganywa na pesa ya Barghash ya 1299 na 1304 kwa kuwa zote zina picha ya mizani. Wauzaji wengine hukosea kweli, wengine hukosea kwa faida yao. Soma tarehe ya Kiarabu mwenyewe. Kwa aliyepita chuo cha Kurani hilo si kazi, na ni mahali pachache ambapo sisi wa pwani tunawatangulia wanunuzi wa Ulaya.

Kuna mbili zinazoghushiwa mno: reale ya Barghash ya 1299, na rupia 15 za dhahabu za Tabora za mwaka 1916, zenye tembo mbele ya mlima na herufi T. Hiyo ya Tabora ilipigwa katika karakana ya reli wakati wa vita, ina gramu 7.17, na dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000. Nakala za watalii za shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu huwa nyepesi mno. Hizi mbili sishauri mtu azinunue zikiwa wazi. Zinunuliwe ndani ya kasha lililofungwa na kampuni ya kupima kama PCGS au NGC, na hata kasha lenyewe lichunguzwe, maana kasha nalo hughushiwa. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni, halafu linganisha mkwaruzo kwa mkwaruzo na picha iliyohifadhiwa pale, ikiwapo. Namba inaweza kuwa ya kweli na sarafu ikawa nyingine.

Kinyume chake, msidanganywe na senti 5 na senti 10 zenye tundu za Afrika Mashariki za 1936 za Mfalme Edward VIII. Alijiuzulu mwaka huohuo, kwa hiyo jina lake husikika kama kitu adimu, lakini senti hizo zilipigwa kwa mamilioni.

Tukija kwenye mnada wenyewe, mfumo wa kawaida hukuruhusu kuweka dau lako la juu kabisa, kisha programu inakupandishia kidogo kidogo kila mwenzio anapoongeza. Andika kiwango chako kwenye karatasi, ukiweke mara moja sekunde za mwisho, uondoke. Anayepandisha mapema siku tatu nzima anamlisha muuzaji tu. Tazama pia historia ya madau: akaunti changa inayoshindania vitu vya muuzaji mmoja pekee, kisha haishindi kamwe, huenda ni ya muuzaji mwenyewe au ya rafiki yake. Nyumba za minada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda. Ukishinda kwa pauni 100, hesabu 120, halafu posta na bima, halafu ushuru wa forodha utakapoingia Kenya. Aliyeweka dau la 100 akiwa na 100 mfukoni amejifunga mwenyewe.

Ukishindwa, jihadhari na barua pepe inayokuja saa chache baadaye: "Mshindi amejitoa, chukua wewe, lipa hapa." Ofa ya kweli ya namna hiyo huonekana ndani ya akaunti yako ya mnada. Ikija kwa WhatsApp au barua pepe tupu, ifute. Vilevile muuzaji anayetaka mtoke kwenye mnada ili "tuokoe ada" anakutoa kwenye ulinzi wako wote. Lipa ndani ya mfumo wa mnada, kwa kadi au PayPal ya bidhaa na huduma. Usilipe kwa njia ya PayPal ya marafiki na jamaa, wala kwa kutuma M-Pesa kwa namba ya mtu. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuomba muamala urudishwe ni kutwanga maji kinuni.

Muda nao una hesabu. eBay humpa mnunuzi siku 30 tangu kifurushi kifike kulalamika kwamba alicholetewa sicho. PayPal nayo ina kikomo chake. Muuzaji mwongo atakusihi usubiri wiki mbili, kisha mbili nyingine, mpaka mlango ufungwe. Fungua malalamiko mapema. Unaweza kuyafunga baadaye. Kifurushi kikifika, kipige video kuanzia kwenye lebo ambayo haijakatwa hadi sarafu ikiwa juu ya mzani, bila kusimamisha kamera. Na mkubaliane mapema kwamba kitatumwa kwa rejista yenye bima, kwa sababu kanuni za posta za kimataifa haziruhusu sarafu ndani ya barua ya kawaida isiyo na bima.

Kisha usiisugue. Ukwaju na majivu ni vya sinia na buli. Sarafu ya shaba iliyosuguliwa hugeuka rangi ya waridi, ile hudhurungi ya miaka mia huondoka, na pamoja nayo huondoka sehemu kubwa ya bei. Kwenye picha za mnada rangi hiyo ndiyo ya kukimbia, pamoja na mikwaruzo myembamba ya upande mmoja inayong'aa unapogeuza mwanga.

Mwisho ni sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inahesabu kuwa mali ya kale kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Rupia ya 1888 iliyokaa kwenye kasha la bibi tangu enzi hizo imo humo. Kuinunua ng'ambo na kuileta nyumbani ni jambo moja. Kuipeleka kwa mnunuzi wa Ujerumani ndani ya bahasha ni jingine. Na anayekuuzia sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba akisema imechimbuliwa Manda au Mambrui anajua kwamba sarafu za Yongle, mfalme wa kale wa Uchina, zilipatikana kweli na watafiti huko, Mambrui 2010 na Manda 2013. Kama asemavyo ni kweli, amechimba asipopaswa na wewe hupaswi kununua. Kama ni uongo, sarafu za Yongle zinauzwa kwa bei ya chini sana kwenye minada ya kawaida.

Ningeomba makavazi ya Lamu na Malindi yabandike mlangoni uzani na vipenyo vya sarafu hizi, na yatenge siku moja kwa mwezi ya kuwapimia watu. Ni karatasi moja na mzani mmoja.

Mkusanyaji wa sarafu,
Langoni, Lamu