Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dar es Salaam

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watu wasioona na wenye uoni hafifu, wazazi na walezi mliotusindikiza, na ninyi vijana mliokuja leo kwa mara ya kwanza, karibuni sana.

Naanza na kosa letu. Wiki tatu zilizopita ofisi ilituma mwaliko wa mkutano huu kwenye kundi letu la WhatsApp. Naambiwa ulikuwa mwaliko mzuri, wenye nembo, mhuri na maua pembeni, ila ulitumwa kama picha. Wenzetu wenye uoni hafifu waliukuza wakausoma. Sisi tusioona kabisa tuligusa skrini, na simu, ambayo hutusomea maandishi kwa sauti, ikatujibu neno moja: "Picha." Binti mmoja wa Buza akatuma sauti: "Mwenyekiti, hiyo picha ni ya harusi au ya msiba?" Tulicheka wote, lakini mimi usiku ule sikulala vizuri. Mwaka mzima tumezunguka maofisini tukiwaeleza watu kwamba tangazo la kazi lililopigwa picha kwetu halisomeki, halafu sisi wenyewe tukafanya yale yale. Mwaliko uliandikwa upya kesho yake. Tangu siku hiyo, hakuna kitu kinachotoka ofisini bila mtu asiyeona kukisikiliza kwanza kwenye simu yake.

Nakuja kwenye elimu. Chama kina mashine nne za Perkins za kuandikia nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa vidole. Tatu ni nzima, ya nne kitufe chake cha nafasi kimekwama, na fundi tuliyemzoea amehama mji. Mashine hizi tunaziazimisha kwa wanafunzi, na kila moja ina mambo yake ya kusimulia. Kijana wetu wa kidato cha tatu alipanda daladala Temeke Mwisho akiwa amepakata yake. Ina uzito wa karibu kilo tano. Konda akamwambia, "Cherehani hiyo inalipiwa, dogo." Dogo hakubishana. Alitoa karatasi, akaichomeka, akaandika jina la konda na majina ya vituo vyote anavyovijua hadi kengele ya mwisho wa mstari ikalia, ting! Kisha akakishika kidole cha konda, akakipitisha juu ya nukta. "Hili ni jina lako." Nauli ya mzigo ikaishia hapo, na hadi leo konda yule akimwona kituoni humwita "Mwalimu".

Si kila jambo la elimu lilikwisha kwa kicheko. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wasioona: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mama mmoja mwanachama alikuja kulalamika kwamba kwenye mitihani ya majaribio shuleni kwa mwanawe muda huo hautolewi. Msimamizi alisema nyongeza ni ya mtihani wa taifa tu. Tulikwenda watu watatu, tukazungumza na uongozi wa shule, na mtihani uliofuata mtoto akapewa dakika zake. Wazazi, msisubiri tuje sisi. Ulizeni mapema, tena kwa maandishi.

Kwa wenzetu wenye ualbino, tatizo halikuwa nukta nundu. Wengi wana uoni hafifu na wanasoma maandishi ya kawaida yakiwa makubwa, lakini wamekalishwa nyuma kwa sababu ni warefu, au dirishani ambako mwanga unawaumiza macho. Kumsogeza mtoto dawati la mbele, mbali na dirisha, hakuhitaji bajeti. Hilo tumelisema kila shule tuliyofika, na tutaendelea kulisema hadi watuchoke.

Sasa niseme lile ambalo nimekaa nalo moyoni mwaka huu. Ni habari ya kujitolea.

Wengi wetu hapa tulisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Si kwamba wote tuliyapenda masomo hayo. Vitabu vya hisabati na sayansi vya nukta nundu shuleni kwetu havikuwapo, kwa hiyo tahasusi zilituchagua zenyewe. Tukatoka hapo tukasomea ualimu au sheria au ustawi wa jamii. Kila tunapobisha hodi tunaambiwa, "Anza kwa kujitolea, tukuone." Tunaanza. Tunaonwa. Tunasifiwa. Mwaka unaisha, tunapewa barua ya shukrani.

Yupo mwanachama wetu mwenye shahada ya ualimu wa Kiswahili na Historia. Huu ni mwaka wake wa tatu anafundisha sekondari moja ya hapa mjini bila mshahara. Anatoka Chanika saa kumi na moja alfajiri. Darasani humteua mwanafunzi wa kuandika ubaoni, na madaftari husahihisha kwa kumtaka kila mmoja asome jibu lake kwa sauti. Wanafunzi wake wanasema hapo ndipo walipojifunza kujieleza. Nilihudhuria kipindi chake kimoja. Mtoto alisoma jibu akaruka mstari, naye bila kugeuka akasema, "Rudi, umekula sentensi." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wa namna hiyo anaishi kwa nauli anayopewa siku akikumbukwa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe asilimia tatu kati yao ni watu wenye ulemavu. Afisa rasilimali watu mmoja tuliyemtembelea alitoa kikokotoo akatuonyesha, samahani, akatusomea, kwamba asilimia tatu ya watu 20 ni sifuri nukta sita, "na sifuri nukta sita si mtu". Kwa hesabu yake hadi afikishe wafanyakazi 34 ndipo mtu mzima mmoja apatikane. Nilimwuliza wao wako wangapi. Wako zaidi ya mia moja. Akabadilisha mazungumzo, akaanza kutusifia Amon Mpanju, mwanasheria asiyeona aliyefikia kuwa Naibu Katibu Mkuu Wizara ya Katiba na Sheria. Ni kweli, nasi tunajivunia. Lakini siku ile tulikuwa tumempelekea maombi ya kijana wa kupokea simu.

Kijana huyo ajira aliipata kwingine. Yeye na mwenzake wako kituo cha huduma kwa wateja. Sikio moja linasikiliza mteja, sikio la pili linasikiliza kompyuta ikisoma skrini. Programu wanayotumia ni NVDA, ambayo haiuzwi. Ndiyo tunayofundishia Jumamosi, ingawa Kiswahili chake kinatoka kama cha mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Mwajiri aliwapa mwezi mmoja wa majaribio wenye malipo, pamoja na tarehe ya uamuzi iliyoandikwa. Siombi zaidi ya hapo.

Na hapa lazima tujitazame wenyewe. Katibu wetu mwenezi ana umri wa miaka 24, haoni, na amekitumikia chama hiki miaka miwili kwa kujitolea. Anapokea simu zenu hadi saa nne usiku. Nauli yake hatujawahi kuilipa hata mwezi mmoja kikamilifu. Nilipomwomba radhi alinijibu, "Mwenyekiti, nimezoea." Neno hilo liliniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo kamati inaleta kwenu hoja moja ya kupigiwa kura leo. Mwanachama yeyote tutakayempeleka mahali kujitolea, na yeyote anayejitolea humu ndani, awe na barua inayotaja kazi yake, nauli yake na tarehe ya mwisho, isiyozidi miezi sita. Ikifika tarehe hiyo, aajiriwe au aondoke na cheti kinachosema alifanya nini hasa, si kwamba "alikuwa mtiifu na mwenye bidii". Najua wapo wanaosema tutafunga milango hata hii michache iliyo wazi. Hofu yao naielewa, nami nilikuwa nayo. Tujadili.

Biashara nitaipitia haraka. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na mbili kati ya hizo kumi ni za watu wenye ulemavu. Kikundi chetu cha Mbagala kimewasilisha maombi na kinasubiri. Wakati huo huo duka lao la nafaka linaendelea. Mizani ya kidijitali hawaitumii. Wanapima kwa kibaba na kisado, na noti wanazitambua kwa kuzilaza kwenye vidole, maana noti yetu kadiri inavyokuwa kubwa thamani ndivyo inavyorefuka. Mteja aliyejaribu kupitisha elfu mbili kama elfu kumi alirudishiwa kwa upole, na mtaa mzima ukapata habari.

Tarehe 4 Januari tuliadhimisha siku ya nukta nundu, na tarehe 15 Oktoba siku ya fimbo nyeupe. Picha zipo, kwa wanaoziona. Matembezi ya Oktoba yalikatizwa mara mbili na bodaboda zilizoegeshwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, na mara moja na mtaro usio na mfuniko. Mwanachama mmoja alichubuka goti. Anaendelea vizuri na yupo hapa leo.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Nakala za nukta nundu na za herufi kubwa ziko kwa katibu, meza ya kwanza kulia ukiingia mlangoni. Mashine mbili za Perkins zilipaswa kurudi tangu mwezi wa Ramadhani na bado hazijarudi. Walionazo wanajijua, na wamekaa humu.

Naomba kuwasilisha.