Mgeni wa Mvua

Moshi, Jumatano usiku

Ndugu yangu Eliya,

Habari za Ngaramtoni? Mzee mpe shikamoo yangu. Sisi wazima. Habari za kahawa nitakupa tukionana.

Nina swali la Kiingereza na nalihitaji jibu kabla ya Jumamosi. Wiki iliyopita nilishuka Kilimanjaro na wageni kwa njia ya Marangu. Mmoja, mzee wa Chicago, tulielewana mno. Usiku wa kupanda Gilman's, kule juu ukingoni mwa kreta, nilimshika mkono karibu njia nzima. Tulipofika getini nikamkaribisha kwa mama, si unajua ni pale pale. Akanishika bega: "I'll take a rain check." Nikatazama juu, jua kali. Nikajua anataka kuangalia mvua kwanza. Mama akapika machalari ya ndizi sufuria nzima, akatandika kile kitambaa cheupe. Tulimngoja mpaka usiku, na tone halikudondoka.

Mosha ndiye aliyenieleza. Asili ya neno hilo ni besiboli, huko Marekani, miaka ya 1880: mvua ikivunja mchezo, mtazamaji anabaki na kipande cha tiketi cha kumwingiza mechi nyingine bila kulipa tena. "Check" ni hicho kipande, wala si kuangalia! Baadaye maduka nayo yakaiga: bidhaa ya ofa ikiisha, unaandikiwa karatasi, mzigo ukiingia unauziwa kwa bei ileile. Sasa ni jibu la mwaliko: leo siwezi, niwekee siku nyingine.

Mosha anasema wengi wanakataa kwa adabu tu, kama sisi na "siku nyingine, Mungu akipenda" huku mtu keshavaa viatu. Mimi moyo unakataa. Kile kipande kilikuwa deni, Eliya, mwenye uwanja alidaiwa mchezo. Na yule mzee aliponishika bega, macho yake hayakuwa ya mtu anayekwepa.

Jumamosi anapita Moshi akitoka Serengeti, analala usiku mmoja. Mama kila asubuhi: "Yule mgeni wako wa mvua anakuja lini?" Mkungu keshaukata.

Wewe darasani unalifundishaje neno hili? Nikimwalika tena, nitakuwa namlazimisha? Au ni yeye anayengoja niseme? Asipokuja, mama nimwambieje? Nipigie hata saa sita usiku. Ndizi zikishaiva si za machalari tena.

Wako,
Aminieli