Usione haya kuuliza bei

Kibokoni, Mombasa
Jumapili usiku

Kwako Zuhura,

Assalamu alaykum. Juzi uliponipigia nilikujibu mkato mkato, najua umeniona nimebadilika. Sivyo. Nyumba yetu unaijua: shangazi alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni anachambua mchicha, na akisikia neno "daktari" tu, kesho asubuhi mtaa mzima unakuja kukupa pole. Basi nimengoja wamelala, nimekaa jikoni, nakuandikia yale niliyoshindwa kuyasema.

Uliniuliza, "Wewe ulipokuwa huku Nairobi ulikwenda kwa mshauri nasaha gani, na alikutoza ngapi?" Lile la bei ukalinong'ona. Nikatabasamu peke yangu, maana haya hizo hizo ndizo zilizonila miezi minne.

Marehemu baba alipoondoka, nilisoma hitima na wenzangu, nikarudi Nairobi, nikaingia kazini, watu wakanisifu kwa subira. Mwezi wa tatu usingizi ukakatika. Saa tisa za usiku macho kodo, asubuhi nakaa kitandani nimeshika kiatu kimoja, siwezi kukivaa. Mwenzangu wa ofisini akanipa jina la kliniki moja ya Kilimani. Viti vya ngozi, maji ya chupa, maua ya kweli. Dakika 50 kwa shilingi 4,500. Mshahara wangu wa wakati ule unaujua. Nilikwenda mara mbili. Mara ya tatu sikutokea, na walipopiga simu sikushika. Ningalisema tu, "Dada, sina," pengine wangeniambia la kufanya. Lakini mimi nilikuwa tayari kumweleza mtu nisiyemjua jinsi baba yangu alivyokata roho, ila si kumwambia kwamba pesa sina.

Na kuna jingine lililonishinda pale. Tulizungumza Kiingereza. Hakunilazimisha, ni mazoea tu ya mahali penye viti vya ngozi. Kiingereza changu ni cha ripoti na barua pepe, na ndivyo nilivyomweleza: mgonjwa alilazwa lini, akafariki saa ngapi, akazikwa wapi. Kavu. Aliponiuliza nahisi nini, nikatafuta neno, nikapata lile wanalofundishwa watoto wa chekechea.

Aliyenifaa nilimpata kupitia wanaofunza washauri nasaha. Huko Nairobi wapo. Kituo cha ushauri cha Amani, pale Mbagathi, wamekuwa kwenye kazi hii tangu 1979, na vyuo vikuu kadhaa vinafundisha saikolojia na ushauri. Anayesomea kazi hii lazima akae na watu saa nyingi, na mwalimu akimsimamia, kabla hajapewa cheti, na ndiyo sababu mara nyingi bei yao huwa chini. Usiseme "mwanafunzi atanifanyia majaribio". Huyu wangu alikuwa mama wa makamo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilipopiga simu kuulizia nafasi nilijikaza, nikasema salamu hazijaisha: "Mimi naweza 800 kwa wiki, zaidi ya hapo siwezi. Na nataka wa Kiswahili." Kimya kidogo. Kisha yule binti wa simu akasema, "Sawa. Jumanne unaweza?"

Ni hivyo tu, shoga.

Jumanne ile mama hakuniuliza nahisi nini. Aliniuliza, "Baba ulikuwa ukimwita nani?" Nikasema, "Aba." Sikuendelea. Mtandio wangu ukalowa chapachapa, naye akakaa tu, hakunikimbizia karatasi za kufutia machozi.

Kwa hiyo ukipiga simu, taja uwezo wako wewe kwanza kabla hawajataja wao. Wengi wana bei mbili, ya ukutani na ya mtu aliyeuliza. Uliza kipindi ni dakika ngapi, na usipofika siku hiyo unatozwa au hutozwi. Uliza kama amesajiliwa. Kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo si utovu wa adabu, ni kama kumwomba dereva leseni. Anayekasirika ukimuuliza, mpishe. Na wale wa mtandaoni wenye picha za kung'aa, wanaotaka ulipe vipindi kumi kwa mkupuo kabla hujawasikia hata sauti, wapishe pia. Halafu chungulia bima ya ofisini kwenu. Nyingine zina fungu la ushauri nasaha ambalo hakuna anayelisoma.

Baadaye mimi na yule mama mshauri tukawa tunaonana kwa simu, kwa sababu nauli na foleni ya Jogoo Road vilikuwa vinakula jioni yangu nzima. Bei ikabaki ile ile, nauli nikaiokoa. Shida ikawa mahali pa kuzungumzia. Fleti za Umoja unazijua sasa, jirani akipiga chafya wewe ndiye unayemwombea afya. Nikawa napanda juu kwenye paa, kunakoanikwa nguo. Nazima video, nabaki na sauti, bando dogo linatosha. Siku moja niko katikati ya kilio, akatokea mama wa nyumba ya pili na karai la sare za shule. Nikajifuta haraka. Yeye hakusema kitu. Alinipa kikopo cha vibanio nikishike, akaanika shati moja moja, akichukua kibanio mkononi mwangu kila mara, mpaka karai likaisha. Kisha akashuka. Mshauri akaniuliza kwenye simu, "Umenyamaza, kuna nini?" Nikamwambia naanika nguo.

Ukiona kuzungumza peke yake hakutoshi, umekonda, chakula hakipiti, mshauri mwenyewe atakuelekeza kwa daktari. Hapa najua utaruka nikitaja Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Sisi tumekua tukitukanana kwa jina hilo, kama tulivyotishiana utotoni kwa Port Reitz, ya kwetu Mombasa. Lakini hospitali ile ipo tangu 1910, iko hapo hapo Thika Road, na watu wanaingia kliniki ya wagonjwa wa nje asubuhi, wanatoka, wanarudi makazini. Nilikwenda na buibui, ushungi nimeuvuta mpaka puani. Kwenye benchi nikamkuta karani wa benki yangu, yule aliyekuwa akinipigia muhuri kila mwisho wa mwezi. Tukasalimiana. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Daktari aliniandikia dawa za miezi kadhaa, na malipo ya kumwona hayakufika robo ya bei ya kikao kimoja cha Kilimani. Nenda alfajiri kama unavyokwenda hospitali yoyote ya serikali, na ubebe chai yako.

Mama yangu naye, nilipomwambia, alinitumia kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Qur'ani. Chupa ya soda imejaa, imefungwa kwa nailoni tatu, ikaja na basi la usiku. Nilidhani mshauri atanicheka. Akaniuliza tu ladha yake ikoje. Nikamwambia ni zafarani na maji ya waridi, na kwamba aliyeniandikia ni yule yule maalimu aliyemsomea baba. Jumanne ile yote tulizungumza habari za chupa hiyo. Kwa hiyo kina mama wakitaka kukusomea, waache wakusomee. Dawa za daktari ndizo usiache kwa sababu ya kombe, na mama mwenyewe alinihimiza nizimeze.

Sasa lile ulilolisema mwishoni. "Laiti ningelala nisiamke," ukacheka. Mimi sikucheka. Nakuuliza waziwazi, maana mimi pia niliulizwa hivyo na nilishusha pumzi kuulizwa: unafikiria kujitoa roho? Kama ndiyo, hata kama ni mara moja moja, usingoje miadi ya mtu. Msalaba Mwekundu wana nambari 1199, haina malipo. Befrienders Kenya kazi yao ni kusikiliza watu walio katika hali hiyo hiyo. Na usiku ukizidi, nenda hospitali yoyote iliyo karibu. Usiogope polisi. Ni kweli kulikuwa na kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu akikutisha nacho, mwambie habari zake zimepitwa.

Na mimi nipo. Simu naiweka chini ya mto. Mwezi ujao nikipata ruhusa ya siku tatu napanda treni nije, nikusindikize hiyo siku ya kwanza ukitaka, nikungoje nje nikila mahindi.

Hadi hapo, tuwekeane alama kwa sababu ya shangazi. Siku ikiwa mbaya, nipigie useme unataka nikutumie achari ya embe. Nitatoka nje mara moja, nishuke mpaka baharini, nikupigie. Siku ikiwa ya kawaida, sema ya ndimu. Ya ukwaju usiitaje kabisa, hiyo ndiyo anayouza shangazi mwenyewe, ataninyang'anya simu akuulize unataka chupa ngapi.

Wako,
Mwanaisha