Barua kwa Abdalla wa Lamu

Mombasa,
9 Juni 2024

Ndugu yangu Abdalla,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe, watoto na mama. Sisi huku hatujambo, kusi imeshika na samaki wamepanda bei. Ni miaka mitano hatujaandikiana, na najua kwamba aliyenyamaza ni mimi.

Hujasahau, bila shaka, maneno niliyokutolea barazani kwa Mzee Shali, mlipokuwa mkipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi. Nilisema mbele za watu kwamba nchi haiwezi kukosa megawati 1,050 kwa ajili ya wavuvi wachache. Mwaka 2019, leseni ya mtambo huo ilipofutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, niliona haya kukupigia simu, na haya hiyo ndiyo iliyozaa kimya chote hiki.

Sasa yamenifika mwenyewe. Wakwe zangu wako Uyombo, Kilifi, ambako serikali inataka kujenga kinu cha nyuklia, na mwezi uliopita wenyeji waliandamana. Shemeji ameniomba nimwandikie pingamizi, kwa kuwa eti mimi ndiye msomi wa ukoo. Nilipomweleza mke wangu wakati wa chakula, ingawa ni ndugu zake hao, aliniuliza huku akipakua: "Kwani Lamu hapakuwa na watu?" Nikaomba maji.

Mkuki kwa nguruwe, Abdalla. Hapa mtaani umeme huzungumzwa unapokatika au tokeni inapokwisha kabla ya mwezi. Mitambo ya Kipevu inachoma mafuta machoni petu miaka nenda miaka rudi, wala sijaona mtu wa mtaa huu akibeba bango. Mimi nami si wa kuwacheka. Gesi ilipotozwa ushuru wa asilimia 16 mwaka 2021 tulirudia makaa, na ulipoondolewa mwaka 2023 mtungi ukarudi jikoni, lakini wali wa Ijumaa hadi leo hupaliwa makaa juu ya mfuniko, na anayeudai ni huyu huyu msomi wa ukoo.

Narudi kwenye pingamizi, maana nimeketi nalo usiku wa tatu na hoja zenu hazinakiliki. Ninyi mlikuwa na moshi na kaboni. Nyuklia haina moshi, na hofu ya Uyombo ni mashamba, bahari ya Watamu, na taka ambazo zitabaki hatari kwa maelfu ya miaka. Nataka pia kueleza kwamba umeme mwingi wa nchi hii tayari unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo wa Ziwa Turkana, jambo ambalo wewe uliniambia siku ile ile barazani nami nikalicheka.

Je, mlianza kwa wazee au kwa wakili? Vijana waliotaka kazi mliwajibu nini, au mliwaacha? Nakala ya pingamizi lenu la kwanza bado unayo? Na iwapo nitapanda basi baada ya Idd, nije moja kwa moja kwako, au nimtangulize Mzee Shali?

Wasalaam,
Salim